Kijiko cha Wageni

Nilishuka basi Ifakara saa ya chakula cha mchana nikiwa nimechoka uchovu ambao hata jina lake sijui. Magoti yamekufa ganzi, kiuno kimegoma, na vumbi lililonijaa puani kuanzia Kidatu lingetosha kupandia heka nzima ya mahindi. Nilikuja kwa shughuli yenyewe ya kuchosha, kuhangaikia kipande cha shamba la mpunga ambacho ndugu zangu hukikumbuka siku ya kuvuna tu. Nikaingia kwa mama lishe mmoja jirani na stendi, nikaagiza wali na samaki. Chakula kilipofika, kabla sijatia chochote mdomoni, nikakigeuza kijiko. Nikakitazama tumbo, nikakitazama mgongo, nikakilaza juu ya kidole nione kinaangukia upande gani. Mama lishe akasimama na sahani ya mteja mwingine mkononi, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa tangu asubuhi, "Kichafu, dada?"

Sikumjibu mara moja. Wewe ndiye nitakayekueleza kwa nini, maana mambo haya huwezi kumsimulia mtu mwenye sahani mkononi.

Nililelewa na babu na bibi, chini kidogo ya kivuko, pale mto Kilombero unapopinda ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akageuka kukifuata. Siku hizo daraja halikuwepo. Tuliamshwa na injini ya kivuko ikikohoa, tukalala na harufu ya samaki wa moshi kwenye nguo, kwenye mito, kwenye madaftari ya shule. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa akisahihisha kazi yangu anameza mate. Masika maji yalipanda hadi jikoni, na bibi alikuwa na uwezo, nakuapia, wa kukaa kitandani na kuchota perege kwa ungo. Maji yalipoanza kurudi mtoni, mabwawa ya pembeni yakimwaga samaki wadogo kwenye mkondo, ndipo msimu wa babu ulipoanza.

Babu hakuwa mvuvi wa nyavu. Wenzake walitega nyavu na migono, ile mitego iliyosukwa kama kikapu chenye koo, wakarudi kulala. Babu alikokota. Kukokota ni hivi: mmoja anapiga kasia polepole, mwingine ameachia mshipi mrefu nyuma ya mtumbwi, ameupitisha kwenye kidole gumba cha mguu ili apate habari za huko nyuma. Mwisho wa mshipi hakuna chambo. Kuna kijiko. Kijiko hiki hiki cha kulia wali, kimekatwa mkia kwa msumeno wa chuma, kimetobolewa tundu juu na tundu chini, na nyuma yake inaning'inia ndoana. Kikivutwa majini kinayumba na kumetameta kama samaki mdogo aliyelewa, na yule samaki mkubwa hawezi kumwona mlevi anapita bila kumshughulikia. Mkubwa huyo ana mistari myeusi ubavuni na meno yaliyotokeza nje hata akifunga mdomo. Kila kijiji cha bonde kina jina lake. Sisi nyumbani tulimwita Meno, basi. Supu ya kichwa chake, kwa ndimu na pilipili, ingemnyanyua mtu aliyekwisha kuombewa sala za mwisho.

Mwaka huo, msimu haujaanza vizuri, babu aliteleza ukingoni akiwa anasukuma mtumbwi, akavunjika nyonga. Hospitalini walimning'iniza mguu kwa kamba na uzito, na aliporudi nyumbani mguu ulikuwa umekuja naye lakini haukuwa upande wake tena. Daktari alimwambia habari za mtumbwi zimekwisha. Babu hakubisha. Alilala, akageukia ukuta, akabaki hivyo. Bibi alimpikia wali wa nazi, akampikia uji wa mchele, akamchomea mahindi mabichi ambayo babu alikuwa akiyapenda kuliko wajukuu, na vyote vilirudi jikoni kama vilivyokwenda. Akaanza kukonda hivi hivi tunamwona. Kutwa tulikuwa tunauangalia mgongo wake, shati linazidi kuwa kubwa.

Asubuhi moja bibi alikuwa anapuliza moto, akaniambia bila kunitazama, "Nyonga haitamuua huyu. Ukuta ndio utakaomuua."

Akili yake ilimtuma kwamba supu ya Meno ndiyo pekee itakayomgeuza. Lakini nani wa kumpata? Meno akiingia kwenye wavu anatoka na wavu. Basi nilipotoka shule mchana nikamkuta bibi ameshusha mshipi wa babu kwenye paa, amejifunga kanga kiunoni, ananingoja. Bibi hakuwahi kukokota maishani mwake. Mimi nilikuwa nimewahi kupiga kasia, kwa hiyo kati yetu sisi wawili mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu, fikiria mwenyewe hali ilivyokuwa.

Tulikwenda, tukazunguka, tukarudi mikono mitupu. Kijiko cha babu, cha bati, kilikuwa kinakuja juu ya maji kama jani. Bibi akasimama mlangoni kwa babu akalalamika, si kwa babu, kwa mlango. Kwamba kijiko gani hiki, kinaelea, hata panzi ana akili ya kuzama.

Kisha ukutani kukatoka sauti iliyokauka.

"Mnakimbia."

"Nani anakimbia?" bibi akauliza.

"Mnapiga kasia kama mnafukuzwa na kiboko. Kijiko kitazama saa ngapi?"

Na akageuka. Polepole, kwa kuugulia, lakini akageuka, akaniita, "Mke wangu, njoo hapa," maana ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani wa babu na mjukuu, na bibi naye akiniita mke mwenza. Akanishika mkono akanionyesha mwendo: kasia moja, pumzika, sikiliza, kasia nyingine. Akaomba uji ili aeleze vizuri. Bibi alikwenda jikoni kuuleta na nikamwona njiani anafuta macho kwa ncha ya kanga, akisingizia moshi, na moto wenyewe ulikuwa umezimika.

Kesho yake tulikwenda kwa mwendo wa maiti. Kijiko kilizama, kikayumba, na kitu kikaugonga mshipi kwa nguvu hata kidole gumba cha bibi kikapiga saluti. Halafu mshipi ukalegea. Tuliuvuta, hauna kitu mwisho, si samaki si kijiko. Babu akaupokea kitandani, akapitisha ncha yake katikati ya vidole, akaiweka mdomoni akaionja kwa ulimi. Akatangaza kwamba huyu hakukata kwa kuvuta, kakata kwa meno, na kwamba karibu na kijiko lazima uwe waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja uliochambuliwa, mwembamba. Kwa baiskeli zilivyojaa Ifakara waya haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kijiko.

Hapa inabidi nikueleze habari za vijiko vya wageni. Bibi alikuwa na vijiko vizito vya chuma kisichoshika kutu, zawadi ya harusi yake kutoka kwa wanakwaya wenzake, anavitunza ndani ya sanduku chini ya nguo za kanisani. Vilitoka siku padri anapopita, au mkwe. Tuliolala humo ndani tulikula kwa mkono au kwa bati. Miaka yote babu alikuwa akivitolea macho vijiko vile, si kwa ajili ya kula. Alisema kimoja tu kati ya hivyo kingelisha tarafa nzima. Na miaka yote bibi alimjibu kwamba siku atakayokata kijiko cha wageni ajikatie na kaburi pembeni.

Jioni hiyo babu hakuomba. Alisema tu kwamba bati ni jepesi, tutafute kitu kizito, akaanza kutazama tena ule upande wa ukuta. Bibi akaenda kwenye sanduku. Nikasikia kufuli, nikasikia nguo zinahamishwa. Asubuhi tulikuwa kwa fundi baiskeli, na fundi alikigeuza kijiko mkononi akamuuliza bibi kama ana hakika. Bibi akasema kata. Fundi akauliza tena. Bibi akampa mgongo, akakaza macho barabarani kama anangoja basi la kwenda Kiberege, mpaka msumeno ulipomaliza.

Sasa tukawa na silaha. Na samaki wakatukimbia kabisa. Siku zikapita, hatuguswi hata na gamba. Babu akaagiza aletewe kijiko chenyewe akione. Hakukiona, alikinusa. Akakinusa tena, akamtazama bibi kwa huzuni.

"Hiki kimeoshwa."

Bibi akasema ndiyo kimeoshwa, kila jioni, kwa majivu na sabuni ya kipande, halafu kikawekwa na wenzake sandukuni. Kijiko cha wageni kikae kichafu? Nyumba yake hiyo?

Babu alicheka mpaka akashika nyonga. Alisema samaki anapita huko chini anasikia harufu ya sabuni, anajua padri yuko njiani, anakwenda kuungama. Kuanzia siku hiyo kijiko kilikatazwa kuoga. Kilisuguliwa kwa mchanga wa mto, kikapakwa utumbo wa perege, kikaning'inizwa nje juu ya mlango, na bibi akawa anapita chini yake amekunja uso kama mtu mwenye mtoto aliyefukuzwa seminari.

Ugonjwa uliofuata ulikuwa wa mshipi kujisokota. Kijiko kizito kilizunguka badala ya kuyumba, na mshipi ukaja nyumbani umekuwa kichwa cha mtoto asiyechanwa nywele. Hapo ndipo akaingia jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache kabla, akitokea kando ya ziwa kubwa huko kwao. Huyu bwana alikuwa mpole sana isipokuwa kwenye habari za samaki. Aliketi kwenye kigoda akamweleza babu jinsi sangara wa kwao walivyo wakubwa kuliko ndama, jinsi mmoja alivyowahi kukokota mashua kutwa.

"Kama samaki wa kwenu ni wakubwa hivyo," babu akamuuliza, "mbona huku umekuja na ng'ombe?"

Jirani akacheka, akasema mzee una maneno, kisha akatoa mfukoni mnyororo wa funguo, wenye kile kipingili kidogo kinachozunguka chenyewe bila kuuzungusha mnyororo. Funguo zenyewe sijui zilikuwa za nini, nyumba yake haikuwa na mlango. Akasema kwao huweka kitu kama hicho kati ya mshipi na kijiko. Akaongeza kishada cha nywele za mkia wa ng'ombe kwenye ndoana, kwa urembo. Babu alikibeza kishada. Kipingili akakibusu.

Nataka uione nyumba yetu ilivyokuwa wiki hizo. Babu anakaa, ameegemea gunia la mpunga. Babu anakula. Babu ananituma mchana nilete kijiko, kisha ananituma nikirudishe, ananiuliza jua lilikuwa mgongoni au usoni, maji yalikuwa rangi ya chai au ya chai ya maziwa. Nilikuwa nachoka, nakwambia. Kutoka shule, kupiga kasia, kutwanga, kurudi na kuhojiwa kama niko mahakamani. Nililala nikiwa bado natafuna. Ule ndio uchovu ninaoutamani leo, maana ulikuwa unaisha ukilala.

Halafu mchana mmoja kila kitu kikakubali. Waya, kipingili, kijiko, mwendo, hata kishada cha ng'ombe. Meno alikipiga kijiko akaruka juu ya maji, mrefu kama mpini wa kasia langu, na katika kukumbuka kwangu anaendelea kurefuka kila mwaka. Bibi alivuta, mimi nilipiga yowe, mtumbwi ulitaka kutumwaga sote wawili. Tulipompata ndani akatandaza meno yake pale kati ya miguu yetu, anapigapiga ubao. Mimi nikashika kasia kwa haraka twende nyumbani. Bibi akaniambia ngoja. Alikuwa amekaa ameweka mikono mapajani, anamtazama samaki, hana furaha hata kidogo.

"Mke mwenza," akasema, "tukimpelekea huyu leo, kesho tutamwambia nini?"

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa pale pale. Niliuona ule mgongo na lile shati. Tulipitia njia ya nyuma, tukampa jirani samaki mzima, bibi akamwambia ni wa kwake kwa ajili ya kipingili, na wala hana haja ya kuja kushukuru. Kisha akachukua jiwe akaipinda ndoana. Tukaingia nyumbani na sura za msiba.

Bibi alikuwa mwongo mbovu, Mungu amrehemu. Alichoweza kusema ni "kijiko kimekataa," kisha anatazama pembeni. Babu akiuliza kimekataaje, anasema basi tu, kimekataa. Kwa hiyo uongo ukawa kazi yangu. Nilimwambia babu kiboko amepiga chafya juu ya mshipi. Nilimwambia mamba alikuwa anatufuata akiangalia kijiko kama mtu anayetafuta wa kumwoa. Wanaoniambia leo kwamba natia chumvi hawajui kwamba nilianza kama mtumishi wa afya. Babu alisikiliza amefumba macho, akasahihisha: chafya ya kiboko haiharibu mshipi, bali huenda kipingili kimeingia mchanga. Akatoa dawa. Kesho yake tukaitumia dawa, tukapata samaki, tukampelekea jirani, tukaipinda tena ndoana.

Lakini jirani alikuwa na adabu za kwao, na mtu wa kwao hali vya watu mfululizo akanyamaza. Jioni moja tukiwa wote chumbani kwa babu, kijiko kiko mikononi mwake, akabisha hodi. Akainama, shikamoo mzee, marahaba. Akaketi. Na kabla bibi hajapata cha kumziba mdomo, akasema, "Mzee, nimekuja kushukuru. Hawa samaki mnaotuletea, watoto wamenenepa."

Bibi aliacha kupepeta mchele. Mimi nilitazama mlango, nikapima kama natosha kupita bila kuonekana.

Babu hakunyanyua uso. Alipitisha kidole kwenye waya wa breki, taratibu, kama anausoma. Sasa ninavyofikiri, waya ule ulikuwa umejaa alama za meno tangu zamani, na kidole chake hakikuwa kipofu.

"Na vichwa?" akauliza. "Vichwa vyake mnavifanyaje?"

Jirani akasema, kwa fahari kabisa, vichwa wanawapa mbwa.

Babu akafunga macho kama aliyechomwa sindano. Akavuta pumzi. Kisha akamgeukia bibi, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia ikielekezwa kwake. "Mama, hiki kijiko bado kinalalia ubavu wa kushoto. Kesho mkipinde kidogo hapa, mniambie kimekwendaje." Akamnyooshea kijiko. "Ila kichwa, mbwa wasipewe."

Kesho yake bibi aliingia na Meno mzima kwenye ungo, akamweka mbele ya babu, akasema kijiko bado kibovu vile vile, huyu kajileta mwenyewe. Babu akala kichwa chote, akafyonza hadi mifupa ya mashavu, akafuta mikono, akakitazama kijiko.

"Kibovu sana," akasema. "Nimeona."

Hivyo ndivyo tulivyomaliza msimu, na hakuna aliyeligusa jambo lile tena. Kila jioni kijiko kilikataa, na kila jioni kilitibiwa. Babu alifariki mvua zilipokuwa zimeshachafua maji, wakati ambao hata kijiko cha dhahabu hakionekani mtoni. Alifariki ametazama mlango.

Siku tuliyotoka kuzika, waombolezaji walikuwa wamejaa uani na vyombo vimelundikana. Bibi aliketi kando ya karai akaosha, sahani kwa sahani, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza akainuka, akakitungua kile kijiko juu ya mlango. Akaitoa ndoana. Akakisugua kwa majivu, akakisugua kwa sabuni, akakisuuza, akakinusa, akakisugua tena. Kisha akaenda nacho sandukuni, hakina mkia, kina matundu, akakilaza pamoja na wenzake.

Siku hizi ukitoka Ifakara kwenda ng'ambo unavuka mto darajani kwa gari na hupati hata muda wa kuutazama. Kivuko hakipo. Jirani alihama na ng'ombe wake, wengine wanasema yuko Idete, wengine wanasema mbali zaidi. Pale tulipokokota maji yamepungua, na Meno sijawahi kumwona tena hata sokoni. Bibi naye amekwenda, na sanduku lilikwenda na ndugu ambaye sikuwa na nguvu ya kugombana naye. Mimi nilisoma, nikamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikisinzia juu ya kitabu huku mtoto ananyonya, na nyumbani kwangu kitu kikiharibika tunakitupa tunanunua kingine. Mambo yangu mengi yanakwenda vizuri, nashukuru. Ila jioni nikirudi nimechoka hivi, sina mtu wa kumwambia kijiko kimekataa, akageuka.

Mama lishe alikuwa bado amesimama. Wali wangu ulikuwa umeanza kupoa.

"Dada, nakuuliza, kichafu?"

Nikamwambia hapana, mama. Kimeoshwa.